Kwezi Aliyefika Hispania

Makambi ya Agosti yakiisha, mahema yakakunjwa na masufuria yakarudishwa kwa wenyewe, sisi Wasabato wa Nyamira huwa tumeshiba mahubiri ya kutufikisha Krismasi. Hata hivyo Oktoba haipiti bila mahubiri ya ndege. Labda ni kwa sababu mbayuwayu wameanza kuonekana juu ya chai, labda wahubiri wetu wanarithishana tu maandiko. Atafunguliwa Yeremia, sura ya nane. Tutakumbushwa kwamba nabii aliwatazama ndege wasafiri, korongo na mbayuwayu miongoni mwao, akaona hawakosei msimu wao, kisha akalitazama taifa lake akaona limesahau Mungu anataka nini. Hapo mhubiri hufunga Biblia na kutukazia macho. Ndege hana lesoni, hana Shule ya Sabato, hana mzee wa kanisa wa kumfuatilia nyumbani, na bado anatii. Sembuse wewe uliyebatizwa?

Nabii sina neno naye. Wahubiri ndio ninaogombana nao, kimoyomoyo, na ugomvi wenyewe umenikolea kwa sababu ya bonde lililo chini ya nyumba yangu na kwa sababu ya mtoto wa dada yangu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Bobasi niliyeolewa huku chini ya Kiabonyoru. Ndimi ninayewaongoza Watafuta Njia wa kanisa letu, na alasiri ya Sabato watoto hao sharti wapelekwe mahali, maana ukiwafungia kanisani mpaka saa kumi watapigana. Ninawapeleka bondeni. Si bonde la kumwonyesha mtalii. Juu kuna chai hadi milangoni mwa watu, kwa kuwa ardhi ya huku imegawiwa wana na wajukuu mpaka mashamba mengine unayavuka kabla hujamaliza salamu. Chini ya chai kuna mikaratusi, ile ambayo serikali imeagiza mara nyingi ing'olewe kando ya maji na ambayo haing'oki. Kisha napia ya ng'ombe, kisha mashimo ya wafyatua matofali, kisha kijito. Kando ya kijito kuna vidimbwi vya samaki vilivyochimbwa katika ule mpango wa kuchochea uchumi wa 2009. Samaki waliisha zamani. Vidimbwi vimebaki, vimeota nyasi kingoni, na kwa upande wa ndege sijui mradi wa serikali uliofaulu kuliko huo.

Wa kwanza kufika ni ndege wa kingo za maji, kahawia mgongoni na mweupe tumboni, anayetikisatikisa makalio kama Msabato aliyesikia ngoma ya harusi akajizuia nusu. Huyo simngojei Oktoba. Agosti ikielekea mwisho keshafika, na huwa peke yake. Keremkerem hufuata, nao utawasikia kabla ya kuwaona, kundi zima likipita juu sana huku likiitana kwa sauti ya maji maji, na wenye mizinga huanza kunung'unika. Mbayuwayu hujaa kwenye nyaya za umeme kando ya lami. Wale wadogo wa manjano wenye mkia mrefu huzunguka miguuni mwa ng'ombe wakidaka nzi. Siku ambazo kumbikumbi wametoka baada ya mvua, bonde hili dogo linakuwa na wageni kutoka nchi nyingi kuliko ukumbi wowote wa mkutano mjini Kisii.

Ninayempenda kuliko wote hana jina ambalo watu wa huku hulitaja. Watoto humwita "yule wa kijani", na hata kijani chenyewe kimefifia. Wanasayansi humwita Phylloscopus trochilus. Ana uzito wa gramu kumi au chini yake. Utamwona kwenye ncha za mikaratusi akiokota vidudu, hatulii, na ukimwelekezea darubini keshahamia tawi jingine. Wako wa jamii yake wanaozaliwa mashariki ya mbali ya Urusi, kule ambako ukivuka bahari kidogo unaingia Alaska. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuata madume wachache wa huko waliofungwa vifaa vidogo mgongoni, ukaonyesha kwamba walisafiri takriban kilomita 13,000 kuja Afrika Mashariki. Husafiri usiku. Hapa Kenya jambo hilo linajulikana vizuri kwa sababu ya Ngulia, katika Tsavo Magharibi, ambako tangu 1969 watafiti wamekuwa wakiwanasa wasafiri wa aina nyingi kwa nyavu, kuwavisha pete miguuni na kuwaachilia. Novemba, ukungu ukishuka na mwezi ukiwa haupo, ndege walio angani huvutwa na taa za hoteli ya huko. Ni ukumbusho kwamba si kila nuru ni ya kufuatwa, ingawa mahubiri hayo nimemwachia mchungaji.

Jambo linalonikosesha usingizi ni hili. Ndege huyo, akianza safari yake ya kwanza, ana umri wa miezi michache. Mzazi wake hamshiki mkono. Mjerumani Eberhard Gwinner, miaka ya 1960, aliwafuga ndege wa aina hii hii ndani ya vyumba visivyo na msimu: mwanga kwa saa zile zile kila siku, joto lile lile. Wakati wa safari ulipotimia walianza kurukaruka usiku ndani ya vizimba. Mwenzake Wolfgang Wiltschko, akitumia ndege wa aina nyingine, alionyesha kwamba msafiri aliyefungiwa asione jua wala nyota bado huelekea upande unaompasa, akiongozwa na usumaku wa dunia. Hakuna aliyewafundisha. Yeremia huyo huyo, sura za mbele huko, anaahidi siku ambayo sheria itaandikwa ndani ya mioyo na mtu hatahitaji tena kufundishwa na jirani yake. Kwa ndege wa kijani siku hiyo ilishafika.

Basi mhubiri ameshinda? Ngoja kwanza. Jiwe likidondoka kutoka kilima cha Manga hatulipigii makofi kwa utiifu wake. Tunamsifu mtu kwa kutii kwa sababu angeweza kukataa. Kama ndege hawezi kukataa, kumweka mbele ya waumini ili waone aibu ni kama... hapana, ni uonevu tu, nisitafute mfano. Nilipomwambia mchungaji mmoja hivyo, alinijibu kwamba ndege ni kielelezo, si mshindani wetu. Jibu zuri. Nililikubali kwa miaka mingi, mpaka niliposoma habari za kwezi.

Kwezi wa Ulaya ni ndugu wa hawa wetu wanaong'aa buluu. Wale wa nchi za Baltiki, majani yakianza kupukutika, huruka kuelekea kusini-magharibi, wanapita Uholanzi, wanaenda kukaa kipindi cha baridi kaskazini mwa Ufaransa na kusini mwa Uingereza. Mholanzi A. C. Perdeck na wenzake waliwanasa njiani, zaidi ya 11,000, wakubwa kwa wadogo, wakawavisha pete, wakawapeleka Uswisi na kuwaachilia huko. Matokeo aliyachapisha mwaka 1958. Wale wakubwa, waliowahi kufika, walibadili mwelekeo. Waligeukia kaskazini-magharibi, upande ambao hawakuwa na desturi ya kuuendea, wakatafuta mahali pao pa kila mwaka. Wale wadogo walishika upande ule ule waliozaliwa nao, kusini-magharibi, wasigeuke kushoto wala kulia. Wakaishia kusini mwa Ufaransa na Hispania.

Rudia kuisoma polepole. Waliotii amri iliyoandikwa ndani yao walifika pasipotakiwa. Waliofika panapotakiwa ni wale walioiacha amri hiyo kwa sababu walipajua mahali penyewe. Mtoto amepewa upande na mwendo; mahali hajapewa, na hawezi kupewa, maana mahali hujulikana kwa kufikiwa. Mama yangu aliponitoa Bobasi aliniambia nimheshimu mume na nishike Sabato. Nyamira hakuwahi kuiona. Angeniambia nini kuhusu Nyamira?

Hapo ndipo mtoto wa dada yangu anapoingia. Alikwenda Minnesota kusomea uuguzi, kama walivyokwenda wengi wa huku. Mpango ulikuwa akae Brooklyn Park, ambako Wakisii ni wengi hadi huwezi kununua maziwa bila kuulizwa wewe ni wa nani, na ambako angekuwa na kanisa lake na watu wa kumwuliza mbona hakuonekana. Badala yake kazi ilipatikana katika mji mdogo wa kaskazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za Jumamosi zikiwemo. Kanisa la Kisabato halikuwa karibu. Wazee aliowaogesha na kuwalisha walikuwa Walutheri, wakamwalika kwao Jumapili. Akaenda. Sasa anaimba besi katika kwaya yao. Alimwambia mama yake mwenyewe, kwa simu, hakuficha.

Dada alikuja kwangu amevimba macho. Akaniuliza swali ambalo mwanatheolojia angelizungusha kwa kurasa mia: "Amepotea?" Nami, kwa kuwa ndilo lililokuwa kichwani, nikamsimulia kwezi wa Hispania. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi sikuzaa kwezi. Nilizaa Msabato." Akaomba chai.

Ninamheshimu dada yangu, na neno lake lina uzito kuliko lilivyosikika. Maana yake ni kwamba mwanadamu ana kitu ambacho kwezi mchanga hana: anaweza kuuliza. Aliweza kupiga simu, kutafuta, kukataa zamu, kuhama. Nikamjibu, siku nyingine tukichuma chai, kwamba hata ndege si wote wanaosafiri peke yao. Korongo, huyo wa Yeremia, husafiri mchana kwa makundi, akipanda juu kwa hewa ya joto. Kutoka kwa nabii hadi kwetu safari yake ni moja: karibu korongo nusu milioni hupita juu ya nchi ya Israeli wakielekea Afrika, na Anathothi, alikozaliwa Yeremia, iko papo hapo karibu na Yerusalemu. Nina hakika aliwaona kwa macho, hakusimuliwa. Wengine wao huteremka mpaka Afrika Mashariki, na si kila mwaka, lakini Novemba nyingine tumewaona juu ya Kiabonyoru wakizunguka bila kupiga bawa. (Wazungu walibishana kwa karne nyingi korongo wanakwenda wapi, hadi mwaka 1822 alipopatikana mmoja huko Klütz, Ujerumani, akiwa na mkuki wa Kiafrika shingoni. Bado yupo, amekaushwa, katika Chuo Kikuu cha Rostock. Jibu walipelekewa na mwindaji wa huku kwetu ambaye jina lake halijaandikwa popote.)

Miaka ya 1930 Mjerumani mwingine, Ernst Schüz, alichukua makinda wa korongo kutoka mashariki, ambao kwao hushika kusini-mashariki, akawapeleka magharibi, ambako korongo wenyeji hushika kusini-magharibi. Waliofunguliwa wakati wenyeji bado wapo walifuatana na wenyeji. Waliocheleweshwa mpaka wenyeji wote wakaondoka walishika mwelekeo wa damu yao, kusini-mashariki. Korongo mchanga ana upande wake moyoni, lakini akiwaona wakubwa angani anauweka kando na kuwafuata.

"Kwa hiyo wale wazee Walutheri walimchukua," dada akasema.

"Walikuwa wamebaki angani peke yao," nikasema. "Sisi hatukuwepo."

Hakupenda. Mimi pia sikupenda, kwa kuwa jibu hilo linageuza kidole. Mahubiri ya Oktoba humwuliza kijana kwa nini hatii kama ndege. Schüz angewauliza wakubwa walikuwa wapi siku makinda yalipofunguliwa. Sijawahi kusikia swali hilo mimbarini, na nimekaa kwenye mabenchi hayo maisha yangu yote.

Lakini nisiwapambe ndege kupita kiasi, maana kuna mahali ambapo habari zao si tamu. Makinda mengi ya mbayuwayu hayamalizi mwaka wa kwanza. Jangwa la Sahara halisamehe aliyekosea kidogo, wala aliyeishiwa mafuta mwilini akiwa hakukosea lolote. Yupo anayeshika mwelekeo sahihi, usiku sahihi, akakutana na upepo wa usoni, akafa. Yupo anayekosea akaangukia mahali penye vidudu tele, akaishi. Kwezi wachanga wa Perdeck, wengine wao, walionekana tena Hispania katika miaka iliyofuata. Walikuwa wamepajua. Pale walipofikishwa na upotovu wa watu wengine palikuwa pamekuwa mahali pao, na sasa walikwenda kwa kujua, kama wakubwa.

Mhubiri anayetaka kunifundisha riziki ya Mungu kwa ndege inabidi aanzie hapo, kwenye mizoga ya jangwani na kwenye kwezi wa Hispania, si kwenye ndege anayeshika msimu wake kama saa ya ukutani. Yesu alipowataja shomoro hakuahidi kwamba hawaanguki. Ninavyomwelewa, alisema anguko lao lina wa kulijua. Ni faraja ndogo kuliko tunayoiuza, nami nadhani ndiyo ya kweli. Muumba angeweza kumpa kinda ramani nzima, kila kisima na kila mti, mpaka asiweze kupotezwa na mtu yeyote. Hakufanya hivyo. Alimpa upande, mwendo, na wakati wa kuondoka, akaiacha dunia iwe pana kiasi kwamba anayekosea mahali si lazima akose uhai. Wakati mwingine anakosa. Sijui kanuni nyingine ya kueleza neema isiyoanza na uwezekano huo.

Sisi Abagusii tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko watu wengine. Simulizi za wazee, ambazo mwanahistoria William Ochieng' alizifanyia kazi katika kitabu chake cha 1974, zinatupitisha Mlima Elgon, zinatuweka Kisumu na kwenye tambarare za Kano, kisha zinatupandisha Kabianga, na Kabianga ikatushinda. Baridi, mazao kukataa, ng'ombe kufa, maadui. Tukashuka tena kuelekea Trans Mara kabla ya kupanda milima hii. Hakuna mzee katika simulizi hizo anayesema aliambiwa mapema: nendeni Nyamira, mtapanda ndizi, na chai itakuja baadaye. Walikuwa na upande, na njaa, na kuku wa kutambikia. Nikiwaambia Watafuta Njia kwamba babu zao walikosea wakafika hapa, hucheka, lakini mmoja aliniuliza kama tulipaswa kuwa mahali pengine. Swali zuri la mtoto wa miaka kumi. Nilimwambia amwulize baba yake, nikijua baba yake ana kesi ya mpaka wa shamba.

Dada ameniletea habari kwamba kijana anakuja Desemba, wiki tatu, kisha arudi kazini. Kwetu kila Sabato karani huwaomba wageni wasimame, waseme wametoka wapi, waimbiwe. Dada anataka kujua kijana asimame au akae. Nimemwambia afikirie mbayuwayu: yuko kwetu tangu Septemba hadi Aprili, miezi mingi kuliko anayokaa kwenye kiota chake Ulaya, na bado vitabu vinamwita ndege wa Ulaya aliyetutembelea. Akanijibu kwamba ndege amechoka nao, anataka kujua asimame au akae.

Kijana amebatizwa kwetu, kijitoni kule kwenye vidimbwi, na jina lake limo katika kitabu cha kanisa. Wapo wanaotaka lifutwe. Mmoja wao ni rafiki yangu, na hasemi kwa chuki. Anaamini kitabu ambacho hakifuti hakiandiki pia. Dada ameshaamua kwamba kijana atakaa, pembeni yake, benchi la tatu, na karani akimtazama atazame tu. Suala la kitabu litaletwa mbele ya baraza la kanisa Januari. Nimeomba nafasi ya kusema. Karani aliponiandika aliniuliza kama nitazungumza juu ya ndege, nikamwambia ndiyo, dakika kumi, na aniwekee nafasi kabla ya taarifa ya mhazini, kwa sababu baada ya hapo watu huwa wamesinzia.